Kujiweza

Kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, mtu akifanikiwa husemwa kwamba anajiweza. Watu hawahesabu mali yake wala hawataji cheo chake. Husema tu kwamba yule bwana siku hizi anajiweza, na wakishasema hivyo wamemaliza. Neno hilo nilikua nalo katika kota za reli, ambako Kiswahili ndicho kilichotulea, kwa kuwa baba alikuwa Mjopadhola, mama alikuwa Mteso kutoka ng'ambo ya mpaka, jirani wa kushoto alikuwa Mluo, wa kulia alikuwa Mgisu, na kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake ndiye aanze kujifunza lugha yake. Kwa zaidi ya miaka 20 nililifukuzia neno hilo, na sina sababu ya kujifanya mnyenyekevu: nililipata. Ilinichukua muda mrefu zaidi kutambua jambo ambalo Mswahili yeyote analijua bila kulifikiria, kwamba tunaposema mtu hajiwezi, mara nyingi hatumsemi maskini. Tunamsema mgonjwa aliyelala kitandani.

Kwa kipimo nilichokuwa nacho wakati huo, baba yangu hakujiweza. Alifanya kazi reli maisha yake yote, kwanza chini ya shirika la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, chini ya shirika la Uganda. Tororo ni njia panda ya reli. Wakati ule treni iliyotoka Malaba, mpakani na Kenya, iliweza kuendelea magharibi hadi Jinja na Kampala, au kupinda kaskazini kuelekea Mbale, Soroti na kwingineko hadi Pakwach, na kazi ya baba ilikuwa kugeuza njia ili kila treni iende kwake. Usiku aliporudi nyumbani alikaa kwenye kigoda, akaisogeza taa ya chemli, akaandika katika daftari la jalada gumu saa ambayo kila treni ilipita, ingawa stesheni ilikuwa na vitabu vyake na hakuna aliyemtuma. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alikuwa akituambia, nasi watoto tulichekea pembeni, kwa sababu mali yenyewe hatukuwahi kuiona. Alipostaafu katika miaka ya tisini, alirudi kijijini na baiskeli moja, cherehani ya mama na magunia mawili ya vyombo. Nilikuwa na umri wa miaka 25. Nilisimama nikamtazama akishusha magunia yale kutoka kwenye pikapu ya kukodi, huku Mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yake kama kawaida, nikajiambia kwamba mimi sitarudi hivi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Malaba.

Anayeijua Malaba hahitaji kuelezwa, na asiyeijua atosheke na haya: ni mji unaoishi kwa sababu magari yanasimama. Nilianza kwa kukimbiza makaratasi. Dereva alipofika na shehena kutoka Mombasa, hati zake zilipaswa kupita dirisha moja baada ya jingine, upande wa Kenya na kisha upande wa Uganda, na mtu aliyejua ni dirisha lipi lifuate na ni muhuri upi uliokosekana alikuwa na thamani yake. Trela liliweza kulala mpakani siku mbili, tatu, hata wiki. Kila siku ya kulala ilikuwa hasara kwa mwenye mzigo na, nisifiche, riziki kwetu sisi tuliofanya kazi ya kliaringi. Kufikia mwaka 2003 nilikuwa na ofisi yangu mwenyewe, na miaka michache baadaye nilikuwa na wafanyakazi 11 na lori moja.

Mwaka 2006 nikajenga. Nyumba ilikuwa ya ghorofa, yenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu yake, geti la chuma, jenereta, na kisima cha pampu ya umeme ndani ya ua. Kisima ndicho nilichokionea fahari kuliko vyote. Kabla ya hapo mke wangu alikuwa akienda na jerikani kwenye bomba la mtaa, mwendo wa dakika tano, akasimama foleni na wanawake wengine asubuhi na jioni, na mimi niliona ni aibu mke wa mtu kama mimi kusimama pale. Baada ya miezi michache aliniambia kwamba siku hizi habari za mtaa anazisikia kwa msichana wa kazi. Nilidhani anaisifu nyumba.

Baba alikuja kuiona mara moja tu. Alifika kwa basi dogo kutoka Tororo bila kunitaarifu, kama alivyozoea kwenda kwa watu maisha yake yote, na kwa mujibu wa askari wangu alisimama nje ya geti karibu nusu saa akipiga hodi. Kengele ilikuwa pale ukutani, kitufe cheupe, lakini hakujua ni cha nini. Mbwa walibweka na jenereta lilikuwa likinguruma, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Nilipotoka nilimkuta amekaa juu ya jiwe upande wa pili wa barabara na mama mmoja muuza mahindi, wanazungumza kama watu waliosoma pamoja. "Nyumba ni nzuri, mwanangu," alisema tulipoingia. "Ila sikuona mahali pa kupigia hodi." Nikamwonyesha kengele. Aliibonyeza mara mbili, akacheka, na hakulitaja tena jambo hilo.

Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata njia na reli ikang'olewa kule Kibera, mafuta yakaadimika Uganda nzima na malori yakakwama pande zote mbili. Usiku mmoja dereva mmoja kutoka Nakuru, ambaye nilikuwa nimemshughulikia hati zake kwa miaka, alikuja getini. Nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa, na madereva walikuwa wakilala chini ya trela zao. Aliomba mahali pa kutandika mkeka. Nilikuwa ghorofani. Nikampa askari shilingi 20,000 ampelekee, nikarudi kulala nikijiona mtu mkarimu. Hizo nyumba za wageni zilizojaa sikuzikumbuka mpaka asubuhi, na asubuhi alikuwa ameondoka. Pesa zangu alikuwa amemwachia askari.

Halafu, mwaka 2009, huduma ya kutuma pesa kwa simu ikaingia Uganda, na maisha yangu yakawa mepesi kupita kiasi. Kabla ya hapo msiba ulikuwa safari: ufunge ofisi, utafute gari, ukae, ulale pale, ule ulichopewa. Sasa nilibonyeza simu nikiwa ofisini. Nilifika hatua ya kuwa na bei. Jirani wa kawaida 50,000, ndugu wa ukoo 100,000, mtu mwenye faida katika biashara 200,000. Redio ilipotangaza vifo vya jioni, nilisikiliza simu ikiwa mkononi. Sikumbuki hata mara moja nikidhani kwamba nafanya kosa, na mtu angenilaumu ningemwonyesha jumbe zote, moja baada ya nyingine, kwamba katika misiba yote ya miaka ile hakuna hata mmoja niliokosa kuchangia.

Mama yangu alifariki mwaka 2012, mwezi wa Agosti.

Nilifika kijijini kabla ya jeneza, kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe kimepangwa. Nilikodi hema mbili kutoka mjini na viti 300 vya plastiki, nikamkodi mpishi pamoja na wasaidizi wake, wenye aproni, na majiko yao ya gesi, na sahani zilizofungwa kwa karatasi. Nilikuwa nasimama karibu na hema ya pili nikimhesabia mtu pesa za barafu ya soda, ndipo nilipowaona wanawake wa chama cha kufa na kuzikana wakija kwa njia ya shambani, kwa mstari mmoja. Walikuwa kama 14 hivi. Kila mmoja alikuwa na kitu kichwani: sufuria zile kubwa za msiba, nyeusi kwa nje na zilizosuguliwa kwa majivu kwa ndani hadi zinang'aa, miiko mirefu ya kusongea posho, fungu la kuni, beseni la maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Sufuria moja ilikuwa na kiraka cha bati chini, na nilikikumbuka kiraka kile. Mama yangu mwenyewe ndiye aliyeipeleka kwa fundi.

Niliwaendea kwa heshima zote. Nikawapokea, nikawaambia: "Mama zangu, leo pumzikeni. Kila kitu kimeshalipiwa."

Hawakubisha. Walizishusha sufuria, wakazifudikiza chini ya mwembe, wakaketi kando yake kwenye nyasi, ingawa viti vilikuwapo. Wakakaa vile mchana kutwa, wamevaa khanga zao za kazi, wakiwatazama vijana wa aproni wakigawa pilau. Mmoja wao, mjane wa seremala aliyekuwa akiweka funguo za stoo ya chama, alinifuata jioni nilipokuwa nikinawa mikono. Alisema polepole, bila hasira yoyote, na labda ndiyo maana sikuweza kumjibu. "Mwanangu, mama yako alinipikia siku tatu nilipomzika mume wangu. Mimi deni lile ningelilipa leo. Wewe umekwenda kumlipa mpishi."

Usiku ule nilikaa barazani na simu. Jumbe za pesa zilikuwa zimeingia mchana kutwa, pole kaka, pole bosi, nimetuma hiyo kidogo, na nilizihesabu zikafika 61. Kisha nikahesabu watu waliotoka Malaba wakafika kwa miguu yao. Walikuwa wanne: wafanyakazi wangu wawili, dereva wangu, na fundi wa geti, ambaye nilikuwa bado sijamalizia malipo yake. Kijiji kilikuwa kimejaa, ndiyo, lakini kilikuwa kimemjia mama. Wangu hawakuja. Walinitumia kile kile nilichokuwa nikiwatumia, na wengine, niliona, kwa bei ile ile. Siku ya pili, baada ya kulipa jeneza, hema, viti, mpishi na barafu, nilipiga hesabu nikakuta zimebaki shilingi 740,000. Msiba wa mama yangu ulikuwa umeniachia faida.

Ningependa kuandika kwamba nilibadilika siku hiyo. Sikubadilika. Baba alisema kwamba siku ya kuondoa matanga wanawake wa chama ndio watakaopika, na kwamba nisitume kitu: "Wewe njoo na mikono tu." Nilikwenda na mikono, nikakuta sijui pa kuiweka. Vijana walikuwa wakipasua kuni na shoka lilinikataa, nikatumwa maji kama mtoto, na saa tisa alasiri nilipigiwa simu kuhusu kontena lililozuiliwa nikaondoka kwa furaha ambayo leo inanitia haya.

Kilichonirudisha nyumbani kilikuwa ufilisi, na kwa muda mrefu niliuficha. Mwaka 2014 nchi zetu zilianza utaratibu wa eneo moja la forodha, ambapo kodi ya mzigo unaoingia Uganda hulipwa kabla mzigo haujaondoka bandarini Mombasa, na maofisa wetu wa mapato wakaenda kukaa huko huko. Mzigo uliokuwa ukichukua zaidi ya wiki mbili kutoka Mombasa hadi Kampala ukaanza kufika kwa siku chache. Kwa nchi ulikuwa mpango mzuri na sitaupinga. Ila mimi nilikuwa nimejenga maisha yangu juu ya magari yaliyosimama, na magari yakaacha kusimama. Mawakala walioona mbali walifungua ofisi Mombasa au walijiunga na wenzao wa kule. Mimi nilikuwa na mkopo wa lori na sikuwa na mtu Mombasa ambaye ningemwomba hata meza katika ofisi yake, maana watu wa Mombasa nilikuwa nawajua kwa namba za simu. Kutoka wafanyakazi 11 nilibaki na wawili. Lori likaenda. Nyumba ya ghorofa nikaipangisha. Baba alipopatwa na kiharusi mwanzoni mwa mwaka 2017, niliwaambia watu wote kwamba nimeacha shughuli ili nimuuguze mzee, wakanisifu. Ukweli ni kwamba sikuwa na shughuli ya kuacha.

Hapo ndipo nilipokuja kumjua baba, nikiwa na umri wa miaka 48.

Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayetafuna huku anazungumza. Hakuweza kujigeuza. Kwa Kiswahili sanifu kabisa, hakujiweza. Na nyumba yake ilikuwa imejaa kila siku. Kila asubuhi ndugu wawili wa boma la jirani walikuja kabla ya kwenda shamba, wakambeba na kigodoro chake hadi chini ya mwembe. Jioni walirudi wakambeba ndani. Siku ya Jumamosi alikuja mtu wa kumnyoa. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na redio kila saa kumi na mbili jioni kwa sababu, alisema, betri za baba zinaweza kuisha, ingawa zilikuwa mpya, nilizinunua mimi. Wazee aliokuwa akinywa nao pombe ya wimbi waliuhamishia mduara wao kwetu, wakaketi kuuzunguka mtungi, kila mtu na mrija wake mrefu. Daktari alikuwa amemkataza pombe. Wakauweka mrija wake mtunguni hata hivyo, ukaegemea pale mchana wote bila mtu, na hakuna aliyeugusa.

Nilipokuwa nikitafuta kadi yake ya kliniki, chini ya kitanda niliyakuta madaftari. Nilijua aliandika treni. Sikujua kwamba baada ya kustaafu, treni zilipokuwa si zake tena, aliendelea kuandika kila usiku. Mistari ilikuwa mifupi kama ya stesheni. Alhamisi: chumvi kutoka kwa jirani wa mwembe. Jumamosi: jembe limekwenda kwa mwenye ng'ombe mweusi. Jumatatu: jembe limerudi, mpini mpya. Jumatano: amekuja mjane wa seremala, hakusema shida, tumekaa.

Nilijitafuta, kama mtu yeyote angefanya. Nilikuwamo. Mwanangu ametuma 100,000. Mwanangu ametuma 150,000. Mwanangu ametuma. Kurasa na kurasa za miaka, hakuna lawama hata moja, ni saa ya kupita tu. Na mahali pamoja, mwaka 2010, katika safari ambayo mimi mwenyewe siikumbuki kabisa: Mwanangu amekuja. Amekaa mpaka saa kumi na moja.

Jambo lililonitatiza zaidi ni chumvi. Baba aliomba chumvi mara nyingi mno, na sukari, na kiberiti, na ngazi, na nilijua kwa hakika kwamba katika miaka hiyo nilikuwa nikituma pesa za kutosha na duka halikuwa mbali. Mama hakuwahi kuishiwa chumvi. Nikamuuliza. Alicheka kwa ule upande wa uso uliobaki, akachukua muda mrefu kuipanga sentensi. Alisema kwamba yule jirani wa mwembe hakuwa na kisima, na mke wake alikuwa akiona haya kuja kuteka kwetu kila siku. Basi baba akawa anatuma mtoto kuomba chumvi. Ukimwomba mtu chumvi, yeye hukuomba maji bila kuinamisha kichwa.

Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Nilikuwa nikikikumbuka kile kisima changu cha Malaba, ndani ya ukuta wa chupa.

Sijawahi kuwa mtu wa kuusifia umaskini, na wanaousifia mara nyingi hawajawahi kuukaribia. Karo za wanangu zililipwa kwa pesa za Malaba, wala hakuna shule itakayopokea chumvi. Majirani nao wana yao: mwenye ng'ombe mweusi ana panga langu tangu mwaka 2018, na ninapomuuliza hunisimulia habari za mguu wake. Sioni kosa katika kutafuta mali. Kosa langu lilikuwa katika kile nilichotaka mali inifanyie. Nilitaka inifikishe mahali ambapo sitamhitaji mtu, na ikanifikisha, na huko nikakuta kwamba mtu usiyemhitaji hupotea njia ya kuja kwako. Anakuheshimu, anakusifu mbele za watu, na anakutumia pesa ukifiwa. Baba, kwa upande wake, alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba daima kuna mtu anayemdai na mtu anayedaiwa naye, vitu vidogo vidogo, jembe na chumvi, na kamwe hakuruhusu hesabu ifike sifuri.

Mkono wake haukuweza tena kuandika, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu. Kila usiku nilileta daftari, yeye akataja, nami nikaandika. Mwanzoni alikuwa akinikosoa. Niliandika "Majirani wamekuja kumbeba mzee," akakataa, akataka majina yao, yote mawili, na nani alishika upande wa kichwa. Kwa miaka miwili niliandika hivyo, na ndivyo nilivyojifunza majina ya watu wa kijiji nilichozikiwa mama, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Kuna usiku alinitajia kila aliyekuja kisha akanyamaza, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Jiandike na wewe." Nikauliza niandike nini. "Kwamba ulikuwapo."

Alifariki mwaka 2019. Wanawake wa chama walipika.

Desemba ya mwaka 2022 wakwe walitangaza kwamba wanakuja kuleta mahari ya binti yangu mdogo, wageni kama 80. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kupata tena kidogo. Nawaandikia wafanyabiashara wa mjini hati zao za forodha kwa kompyuta, nikiwa barazani, na baadhi hunilipa. Mke wangu alikuwa ameshaulizia bei ya mpishi. Nilimwambia angoje kwanza, nikavaa viatu, nikaenda kwa mjane wa seremala.

Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini funguo za stoo ya chama bado anazo yeye, zimefungwa kwenye pindo la khanga. Nilipiga hodi. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, na aliwakumbuka wote. Nilipozungusha maneno vya kutosha nikamwambia kwamba nimekuja kuomba sufuria.

Hakuonyesha kushangaa. Aliinuka akafungua stoo, akazigonga moja moja kwa kifundo cha kidole ili kusikiliza kama kuna iliyopasuka, akaniwekea nje tano, ya mwisho ikiwa ile yenye kiraka. Kisha alileta daftari la chama na kalamu iliyofungwa kwa uzi, akanitaka niandike mwenyewe kwa sababu macho yake hayaoni vizuri: jina, sufuria tano, miiko miwili, siku ya kurudisha. Nikaandika.

"Na kuni?" akaniuliza. "Utanunua, au tuje nazo?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba nitanunua.

"Njooni nazo, mama," nikasema.

Akanionyesha kwa fimbo kwamba mstari wa kuni uko chini, baada ya miiko.